Kocha wa Kwenye Mipaina

Ukitaka kumjua mume wangu Mutembei, usije nyumbani. Nyumbani utamkuta bwana mmoja mpole kupindukia, anakula kimya, anajibu "ee" na "hapana", na kuku akiingia sebuleni yeye ndiye anayempisha. Njoo saa kumi jioni, upande wa kule rweya, ndipo utamsikia. "Inua kichwa! Achia mpira! Wewe Ishengoma, achia, hukuzaliwa nao huo!" Mimi niko kibanjani nachuma kahawa na namsikia kama amesimama mgongoni kwangu. Huwa nacheka peke yangu. Sauti yote hiyo, waitu, nyumbani huwa anaificha wapi?

Kazi yake ni uashi, hapa Izigo na vijiji vya jirani. Ujana wake alicheza winga, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa hashikiki, mpaka siku alipoumizwa goti. Alikandwa, akaombewa kanisani, lakini goti likabaki vile vile, limevimba kama kiazi. Mwingine angenuna na kuhamia kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi. Yeye alikusanya watoto waliokuwa wanacheza chandimu barabarani kwa mpira wa majani makavu ya mgomba, akawapanga mstari, akaanza kuwafundisha. Hakuna aliyemtuma, hakuna anayemlipa. Wanakuja wa Kilutheri, wanakuja wa Kikatoliki, wanakuja na wale ambao kwao hawaingii kanisa lolote. Koni zake ni vipande vya mgomba, anavikata mwenyewe, watoto wanapita katikati yake na mpira. Siku moja ng'ombe wa jirani alizila koni zote mazoezi yakiendelea. Nikamwambia, Baba Kokubanza, duniani kote ni wewe tu kocha ambaye vifaa vyake vinaliwa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Uwanja wao wa kwanza ulikuwa wa shule. Baadaye watoto wakazidi madarasa, yakajengwa madarasa mapya pale pale uwanjani. Aliyejenga ni nani? Mutembei. Kibarua ni kibarua, na sisi tunakula. Angekataa, angejenga mwingine. Alikuwa anarudi jioni na saruji kwenye nywele. Alipomaliza kuta akawahamishia watoto rweya.

Kwa asiyejua, rweya ni ile nchi ya majani matupu iliyo nje ya vibanja vyetu. Mgomba haustawi pale. Tunakata nyasi za kutandaza shambani, tunachunga ng'ombe, basi. Hiyo ya kwetu ilikuwa ya marehemu baba mkwe, na kwa mila zetu mwenye neno la mwisho ni musika, yule mtoto aliyeachiwa urithi mkuu. Musika si mume wangu. Ni kaka yake, Byabato, anakaa Bukoba mjini, amefanya kazi za biashara ya kahawa mpaka amestaafu. Na si kaka tu. Baba yao alifariki Mutembei akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Byabato ndiye aliyemvalisha, akamsomesha, akaja mpaka kwetu kuniposa kwa niaba yake. Mtu kama huyo unamjibu nini?

Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, na sukari na sabuni kama kawaida yake. Nikampikia ndizi na maharage. Akala, akashukuru, akanawa mikono, akasema, "Mdogo wangu, ile rweya imekaa bure. Nimeamua kupanda mipaina."

Mipaina ndiyo misonobari, miti ya mbao. Siku hizi kila mwenye rweya anapanda.

"Mti hauombi karo, hauugui malaria," akaendelea. "Nguvu zikiniishia, mti utanitunza."

Nikamwangalia mume wangu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Sema! Sema basi, wewe mwenye sauti ya kusikika mpaka bondeni!

Akasema, "Ee, kaka."

Nilitoka nje nikaenda kumalizia hasira kwenye masufuria. Wanasema mkubwa ni jalala. Kwetu naona jalala ni mdogo. Niliporudi, Byabato, ambaye kusema kweli si mtu mbaya, alikuwa anamwambia mume wangu kwamba watoto waendelee tu kucheza pale mpaka miti itakapokuwa mikubwa. "Ila mche hata mmoja usivunjike, Mutembei. Nakuamini." Hilo neno "nakuamini" ndilo lililommaliza mume wangu. Angemtukana, walau tungepata pa kuanzia.

Miche ikapandwa, mistari kwa mistari, kutoka goli hadi goli. Nikajua mazoezi yamekufa. Kesho yake saa kumi nikasikia filimbi. Nikapanda kwenda kuona kuna nini. Mama wee! Kawapanga watoto kwenye mistari ile ile, kila mmoja ana mpira wake wa majani mguuni, wanaipiga chenga miche mmoja baada ya mwingine. "Koni hizi ng'ombe hali," akaniambia, akajaribu kutabasamu. Sikutabasamu mimi.

Maana mafundisho yalibadilika. Mpira wa juu, marufuku. Mashuti, marufuku. Ni pasi fupi fupi, chini chini, mguu kwa mguu. Ile sauti iliyokuwa inasema "Achia!" sasa ilikuwa inasema "Taratibu! Taratibu! Utavunja!" kutwa nzima. Siku moja Ishengoma alisahau, akauchapa mpira kama zamani, mche ukakatika. Mutembei alipiga goti, lile lile bovu, akaunyoosha ule mche, akaufunga na kijiti kwa kamba ya mgomba kama mtu aliyevunjika mkono. Watoto walimzunguka, kofia mkononi, utadhani tuko msibani. Hakuwakemea. Afadhali angewakemea, kwa sababu kuanzia siku ile hakuna mtoto aliyepiga mpira kwa nguvu tena.

Na hodari kuliko wote kwa chenga zile za polepole alikuwa Annastella, binti wa jirani yangu Ephrasia, yuko darasa la tano. Msichana ni mmoja tu kwenye timu, na wavulana wote wanamgombania awe upande wao. Anapita kati ya miche na mpira umegandamana na mguu wake, jani halitikisiki. Mutembei akimtazama anasahau shida zake.

Mimi sikusahau. Miti ilikuwa inapanda. Ilikuwa magotini kwa watoto, ikafika kiunoni. Nikimwambia mwenzangu ampigie kaka yake simu, anasema, "Mama Kokubanza, usinitie aibu." Nikaona nikimsubiri huyu nitasubiri mpaka tuvune mbao. Nikafunga kanga yangu nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Karugendo.

"Kiwanja kipo," akaniambia. "Kile cha nyuma ya ghala la kahawa. Lakini wapo wanaotaka kujenga fremu za maduka, na wanakuja kila siku. Nikisimama mkutanoni kuombea watoto wa chandimu, watanicheka. Nileteeni kikombe cha Nshamba. Nikiwa na kikombe mkononi nitakuwa na la kusema."

Kikombe cha Nshamba ni mashindano ya watoto ya siku moja. Nikarudi nyumbani nakimbia kama msichana. Mutembei aliponisikia aliweka mwiko wa saruji chini. "Nyuma ya ghala?" akauliza. "Pale tambarare?" Pale pale! Akatoka nje, akasimama, akarudi, akauliza tena. Watoto walipoambiwa kwamba wakishinda watapata uwanja usio na mti hata mmoja, walipiga kelele hadi mbwa wakabweka.

Tulikwenda Nshamba kwa pikapu inayobeba ndizi, watoto wamesimama nyuma wanaimba. Mimi sijui mpira, lakini siku ile nilijua kila kitu. Mechi ya kwanza tulishinda, na ya pili tukashinda, na watu wa Nshamba wakawa wanaulizana, hawa wamefundishwa wapi? Kila mtoto wetu alikuwa anapita kati ya wenzake kama maji. Magoli yote yalikuwa ya kuingia na mpira mguuni mpaka ndani ya nyavu. Mzee mmoja alisema hajaona watoto wanaocheza kwa adabu namna ile. Nilimgeukia nikamwambia, kocha wao ni mume wangu.

Fainali ikawa na wenyeji wenyewe. Wale hawakuwa na chenga. Walikuwa na miguu. Kipa wao akiupiga mpira unavuka uwanja wote, wetu wanautazama juu midomo wazi, kama wanatazama ndege. Muda mrefu ulikuwa umepita hawajaona mpira ukiruka. Hata hivyo tulikaza. Hakuna goli huku, hakuna goli kule, na mwamuzi ameanza kutazama saa.

Hapo ndipo Annastella akaupata. Akamwacha wa kwanza, akamwacha wa pili, kipa akatoka kumrukia akamwacha naye chini, amelala kwenye majani. Goli tupu. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele.

"Piga!" Mutembei akapaza sauti. "Anna, piga!"

Mtoto akasimama. Akamtazama kocha wake. Akaugusa mpira kwa ndani ya mguu, polepole, chini chini, vizuri kabisa kama alivyofundishwa. Ukabingirika. Watu wote tukawa tunautazama unavyobingirika, na mimi nikawa nausukuma kwa macho, nenda, nenda basi, Mungu wangu, nenda! Majani ya pale ni marefu kuliko ya kwetu. Ukapunguza mwendo, ukasimama hatua moja kabla ya mstari.

Beki wao akafika mbio, akaupiga. Sijawahi kuona mtoto anapiga mpira namna ile. Ulipita juu ya vichwa vya timu nzima, ukadunda nyuma yao, na kijana wao mmoja alikuwa anausubiri peke yake na kipa wetu. Goli. Filimbi ikalia kabla hatujarudisha mpira kati.

Watoto walilia wote. Mimi nilikuwa nimejaa maneno. Nilikuwa na ya kumwambia mtoto, ya kumwambia mwamuzi, na mengi zaidi ya kumwambia mume wangu. Nikavuka uwanja kwa hasira zangu zote. Nilipofika, Mutembei alikuwa amechuchumaa mbele ya Annastella, anamfuta uso kwa jezi.

"Mwanangu," akamwuliza kwa ile sauti yake ya nyumbani, "mbona hukupiga?"

"Nilipiga, Kocha."

"Kwa nguvu."

"Ingevunjika."

"Ingevunjika nini?"

Annastella akageuka kutazama goli. Nyuma ya goli palikuwa na nyasi na barabara, basi.

"Sijui," akasema, na kulia kukaanza upya.

Mutembei hakusimama mpaka nilipomshika mkono, kwa sababu ya goti, nadhani.

Karugendo alisikia matokeo kabla pikapu haijafika Izigo. Alikuja mwenyewe kutupa pole, na ninaamini alimaanisha. Wiki ile ile nikaona watu wananyoosha kamba nyuma ya ghala, wanapima fremu. Mwashi waliyemtafuta unamjua. Nilimwambia, kazi hii ukiikubali sitakupikia. Akaikubali, na nikapika, maana watoto wangekula nini?

Jumatatu saa kumi nikasikia filimbi. Nikaacha kazi zangu nikapanda rweya. Sikutaka awe peke yake. Watoto walikuwa wamekuja wote, hata Annastella, amesimama nyuma ya wenzake. Mipaina sasa iliwafikia wadogo kifuani. Mutembei alikuwa ameshika ule mpira mmoja wa ngozi tulio nao.

"Leo," akasema kwa nguvu, ile sauti yake halisi, ya zamani, "leo tunapiga mashuti!"

Akauweka mpira chini. Akarudi nyuma, akangoja.

Hakuna mtoto aliyesogea. Waliutazama mpira, wakaitazama miti, wakamtazama yeye. Ishengoma aliweka mikono nyuma. Mutembei akamwita kwa jina, kisha akamwita Annastella, kisha akawa anawatazama tu mmoja mmoja. Akanigeukia mimi, kama mtu anayetaka aambiwe la kufanya. Na mimi, pamoja na mdomo wangu huu, sikuwa nalo.

"Haya basi," akawaambia. "Pasi fupi fupi."