Kiti Changu Chenye Shimo

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini Lindi nzima, mtaa wetu huu wa mabati, inaijua tayari, na kila mtu anaisimulia anavyotaka (kuna mmoja ameongeza hadi polisi, na polisi hawakuwepo), kwa hivyo acha niiseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Mkicheka chekeni. Mimi bado nina hasira.

Mnajua nilifanyiwa operesheni ya nyonga. Ni miaka mitatu sasa, upande wa kushoto, wakatoa mfupa uliokuwa umeisha wakaweka chuma, na wakaniambia baada ya miezi sita nitatembea kama msichana. Miezi sita ikapita, mwaka ukapita, wa pili ukapita, huyo msichana sijamwona. Yale maumivu ya zamani yaliondoka, siwezi kudanganya, lakini yakaja mengine, yanaanzia kwenye kinena yanashuka mpaka gotini, nikikaa sana yanauma, nikisimama sana yanauma, nikipanda ngazi mbili tu za kanisa naona nyota. Narudi kliniki, napanga foleni tangu asubuhi, nikiingia daktari ameinua picha yangu ya eksirei anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, ananiuliza bila kunitazama, "Habari yako, mama?" na mimi kwa ile adabu niliyolelewa nayo najibu, "Mzuri, daktari," naye anaandika. Picha ni safi, chuma kimekaa vizuri, haya mama, mwingine aingie. Nikishafika nje ndiyo nakumbuka nilikuwa nimekuja kusema nini.

Majirani nao ndio hao. Bado tu unachechemea, si uliwekewa mpya? Wanasema hivyo utadhani nimenunuliwa viatu nikakataa kuvivaa. Mama mmoja kanisani aliniambia maumivu yanabaki kwa sababu kuna mtu sijamsamehe. (Mpaka siku hiyo sikuwa na mtu ambaye sijamsamehe. Sasa ninaye.)

Sasa kiti. Hospitali walinipa karatasi: usichuchumae, usikae pahali pa chini, usiiname sana, chuma kitachomoka. Sawa, nimesikia, lakini choo cha ploti yetu ni shimo kwenye simiti, na aliyeandika ile karatasi nina hakika hajawahi kuishi nyumba ya kukodi Lindi. Nikachukua kiti changu cha plastiki, kile chenye mikono, nikampelekea fundi wa Laini Saba, mtaa wa jirani, anayeziba mitungi na mabeseni kwa chuma cha moto, nikamwambia akate shimo katikati ya kalio la kiti, saizi ya sahani. Fundi akanitazama, akazunguka nyuma akanitazama tena, akakata saizi ya beseni. Sikubishana naye, nilikuwa nasikia uchungu. Tangu siku hiyo kila nikienda haja, kiti kinatangulia, kimefungwa leso, kimebebwa na binti yangu Akinyi, na ploti nzima inajua Mama Akinyi anaenda wapi.

Huyo Akinyi ni kitinda mimba wangu, ana miaka ishirini na sita, anasuka nywele. Miaka mitatu yote ndiye ananichotea maji, ndiye ananiosha miguu na kunivalisha soksi kwa sababu mkono wangu haufiki huko. Ana mchumba, Wafula, seremala wa Kawangware upande wa Kabiro, kijana mpole, na kila Wafula akitaja mambo ya wazazi kukutana Akinyi anamwambia angoje. Siku moja nilimsikia kwenye simu, alidhani nimelala, anasema, "Siwezi kumwacha mathe akiwa hivi." Hayo maneno yaliniuma kuliko nyonga.

Basi nikaamua kupona. Hivyo tu, Jumatatu asubuhi, nikamwambia Akinyi Mungu ni mwema, mguu umenyooka, ule uchungu umeisha. Fimbo nikaiweka nyuma ya mlango. Akiwa karibu natembea wima, natabasamu, nauma ulimi. Akienda kazini naanguka kitandani natukana kwa Kiluo. Kiti nilimwambia nimempa mgonjwa mwingine, kumbe kiko nyuma ya pazia chini ya nguo, na nilikuwa nakibeba mwenyewe alfajiri kabla hajaamka (msiniulize nilikuwa nafanyaje mchana, mchana nilikuwa sinywi maji). Hivyo miezi miwili. Na ilifanya kazi, kwa sababu Akinyi alianza kuimba akiosha vyombo, halafu akamwambia Wafula sasa watu wake wanaweza kuja.

Wakaja Jumamosi. Hapa kwetu hakuna mtu mwenye viti vya kutosha wageni, tunaazimana, kila nyumba inatoa chake na chini yake kuna alama ya rangi ili kirudi kwa mwenyewe. Jirani yangu Mama Brayo, mtu mwenye roho nzuri na mikono ya haraka, akajitolea kukusanya viti na kuvipanga. Ningekuwa na akili ningepeleka kile kiti kwake mapema nikamweleza. Lakini ningemweleza angeeneza, maana Mama Brayo hawezi kukaa na neno mpaka saa sita. Nikakiacha nyuma ya pazia, nikaweka mto mwembamba juu ya shimo, nikafunika na kitambaa changu kizuri cha kufuma, kile cha maua, ili hata mtu akichungulia aone kiti cha kawaida. Nilijiona mjanja sana.

Wageni wakaingia, Wafula mbele, mamake nyuma yake, mama mwenye mwili, amevaa kitenge kipya cha bluu na kilemba chake, halafu baba mdogo wa Wafula na shangazi wawili. Kaka yangu Ouma ndiye alikuwa msemaji wetu. Akasema tusimame tuombe kabla ya kukaa, na Ouma akiomba anaanza na uumbaji. Mimi nimesimama, nyonga inawaka, jicho moja limefungwa na lingine liko wazi kwa sababu ya uchungu, na kwa hilo jicho moja nikamwona Mama Brayo anahesabu viti kwa kidole. Kimepungua kimoja. Akanyata mpaka nyuma ya pazia, akatoka na kiti changu na kitambaa chake cha maua, akakiweka nyuma ya Mama Wafula, kwa sababu ndicho kilikuwa na mikono na ndicho kilipendeza kuliko vyote.

Ningeweza kusema. Nimejiuliza hilo mara nyingi. Lakini nikisema, Akinyi atajua kiti bado kiko, na akijua kiti kiko atajua sijapona, na akijua sijapona hatoki hapa. Nikamkodolea Mama Brayo macho, nikatikisa kichwa, nikanyoosha midomo kuelekea kile kiti. Yeye akadhani nimeguswa na maombi, akaitikia, "Ndiyo, Bwana." Nikajiambia labda mto utamshika. Ouma akasema amina, na Mama Wafula akakaa.

Hakukuwa na kelele. Mto ulianguka chini, puf, halafu Mama Wafula akaufuata polepole, akashuka mpaka magoti yakafika kifuani, mkoba wake umekaa juu ya magoti, na mikono ya kiti imemshika chini ya makwapa. Hakupiga nduru, mama mwenye heshima hapigi nduru siku ya kwanza kwa wakwe. Ouma akaanza kuangalia mabati. Mwanamume wa kwetu hawezi kumshika mama wa upande wa wakwe hata nyumba ikiungua, na baba mdogo ni shemeji yake, naye akageukia kalenda ukutani akaisoma yote. Wafula alijaribu, akavuta, lakini kiti kilikuja pamoja na mamake. Wale shangazi walikuwa wamejifunika nyuso na leso, mabega yanatetemeka. Mama Brayo alikuwa ameshatoka nje na tulikuwa tunamsikia.

Nikabaki mimi. Nikaenda mbele yake, nikamshika mikono, nikainama, ile inama yenyewe iliyokatazwa kwenye karatasi, na nyonga ikanikata kutoka kinenani mpaka gotini, mguu ukakubali kwenda chini bila mimi, nikajikuta nimepiga goti moja, uso wangu kwenye mkoba wa mkwe wangu, tumeshikana naye, hakuna anayeweza kumwinua mwenzake.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Akinyi, hiki ni kiti cha nini?"

Nikamwambia, "Ni cha choo. Lakini nimekiosha."

Hapo ndipo nikamsikia Akinyi nyuma yangu. "Mama, si ulisema ulikipeana? Si ulisema umepona?"

Na mimi badala ya kuona haya nikaona hasira, miaka mitatu ya hasira ikaja yote mara moja, nikiwa vilevile na goti sakafuni mbele ya wakwe. Nikasema, "Sijapona. Inauma. Inauma kila siku, na nimechoka kuambiwa picha ni safi. Hiyo picha haiendi choo, mimi ndiye naenda." Nikaendelea, nikamtaja daktari, nikataja karatasi, nikamtaja yule mama wa msamaha, nikasema mtu akiumwa mwezi mmoja watu wanamletea uji, akiumwa miaka mitatu wanamwona mwongo. Nililia. Si kilio cha heshima, kile cha kamasi.

Mama Wafula alitoa mkono mmoja kwa shida, akauweka begani kwangu, akauliza, "Inauma wapi?"

Jamani. Miaka mitatu nimeulizwa kama nimepona, kama nimezoea, kama naomba, kama nafanya mazoezi. Mtu wa kwanza kuniuliza inauma wapi alikuwa amekwama kwenye kiti changu cha choo. Nikachukua mkono wake nikamwonyesha, hapa, halafu inashuka hapa, naye akafuatisha na vidole polepole mpaka gotini, na hatukujali tena nani anatuangalia.

Wafula alienda akaazima msumeno nyumba ya pili, akakata mbele ya kiti macho yake yakiwa pembeni, mamake akatoka. Chai ikanywewa. Lakini mambo ya ndoa hayakusemwa siku hiyo, kwa sababu Akinyi alitamka mbele ya wote kwamba yeye haendi popote, na wageni walipoondoka hakunisemesha siku tatu. Nilidhani ni kwa sababu ya aibu ya kiti. Siku ya nne akanivalisha soksi bila kuniangalia, akasema, "Miezi miwili umepita mbele yangu ukiumwa na ukicheka. Ulinifanya mjinga."

Kliniki iliyofuata alikuja nami, na Mama Wafula akatoka huko Kabiro akaja pia, wakakaa kwenye benchi mmoja kila upande. Tukaingia wote watatu. Daktari ameinua picha dirishani. "Habari yako, mama?" Na ulimi wangu, ulimi mjinga huu, ulikuwa umeshajipanga kusema mzuri.

"Mbaya," nikamwambia.

Akageuka. Akasema kwenye faili imeandikwa kila mara kwamba sina malalamiko. Nikamwambia hiyo ilikuwa salamu, na mimi nimekuja leo kuumwa, na sitoki mpaka mtu anishike hapa panapouma. Akaweka picha chini. Akanilaza kitandani akanibonyeza, kwa mara ya kwanza tangu nitoke wodini, na nikapiga ile nduru ambayo Mama Wafula aliibana siku ile nyumbani kwangu.

Msifikiri kuna muujiza. Alisema kuna watu wanaobaki na maumivu hata chuma kikiwa sawa, akanipima damu, akanipeleka kwa wale wa mazoezi na kwa daktari wa maumivu, na ninaenda, na hata sasa ninapowasimulia inauma, lakini kwenye faili imeandikwa. Akinyi anaolewa Desemba. Tulibishana, akakubali, kwa sharti kwamba nisimdanganye tena, na nikamwapia.

Wafula amenitengenezea kiti kipya cha mbao, chenye mikono, na shimo alilolipima yeye kwa kuniuliza, si kwa kunitazama. Kimekaa hapo katikati ya nyumba, hakina kitambaa na hakitawahi kuwa nacho. Mgeni akiingia namwonyesha kwanza pa kukaa na pasipokaliwa. Na akiniuliza habari yangu namwambia inauma, na namwambia inauma wapi, kwa hivyo kama ana haraka asiniulize.