Nyuki wa Noeli

Nilianza kuvaa vituko sokoni kwa sababu ya mvua. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wangu wa kwanza wa kuuza chaguwa, zile nguo kuukuu zinazotoka ng'ambo zikiwa zimefungwa kwa mabalo, na kwa siku nne hakuna mteja aliyesimama mbele ya turubai langu. Zilizobaki zilikuwa nguo ambazo mtu mwenye akili zake hanunui: koti la kiume lenye vifungo vya dhahabu kama la mpiga tarumbeta, kofia ya kike iliyoshonewa matunda ya kitambaa, soksi zisizokuwa na jozi. Nilikuwa nasikia baridi, nikazivaa zote kwa pamoja. Mama aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pembeni yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akamwita mwenzake aje aone, mwenzake akaja na dada yake, na yule dada akanunua blauzi mbili.

Tangu siku hiyo, kila Noeli ilipokaribia, watu wa soko la Uvira waliniuliza mwaka huu nitavaa nini. Nilikuwa kijana, nilipenda kuulizwa. Nilifunga tai ya kiume kichwani badala ya kitambaa. Nilivaa kiatu chekundu mguu huu na cha kijani mguu ule, nikatundika vijiko vya chai masikioni. Nikaweka na desturi nyingine: siku moja kabla ya Noeli nilitandika turubai uani kwetu, na kila mtoto wa majirani akachagua nguo moja aliyoipenda mwenyewe, bila mama yake kumchagulia. Kuchagua ndiko walikokupenda. Kuna watoto waliokaa saa nzima wakishika hiki na kukiacha, na mimi niliwaacha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa vita. Tulikuwa na miaka mingi ya namna hiyo na mingine imechanganyika kichwani mwangu, lakini huu naukumbuka kwa sababu ya mama aliyekuja kukaa kwangu kutoka Makobola. Kule kusini risasi zilikuwa zimelia siku mbili mfululizo, na watu wakaja kwa barabara ya Fizi na magodoro vichwani. Katekista wetu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Mume wangu alikuwa amevuka kwenda Bujumbura kununua bidhaa, mpaka ukafungwa nyuma yake, na sisi hatukuwa bado tumejaliwa mtoto. Nikaletewa mama mmoja na watoto wake wanne. Alinizidi miaka michache, kwa hiyo nikamwita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Yeye aliniita mudogo wangu.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mume wake alikuwa mvuvi, na siku waliyokimbia alikuwa ziwani. Hakujua mtumbwi wake ulitua wapi. Watoto walifika na nguo za mwilini tu. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, wakafuata wavulana mapacha, na wa mwisho msichana wa miaka mitano, ambaye alivaa singleti ya baba yake iliyofungwa fundo begani ili isianguke. Nilimtazama huyo mdogo nikasema, bila mtu kuniomba, kwamba Noeli watavaa nguo mpya wote wanne. Yaya alisema asante. Ile asante iliniingia vizuri kuliko ilivyostahili, nikawa natembea nayo sokoni siku nzima.

Nilikuwa na balo moja tu. Mume wangu alilituma kwa lori kabla mpaka haujafungwa, na juu yake liliandikwa kwa Kifaransa kuwa ni nguo za watoto. Balo huwezi kulifungua kabla ya kulinunua, unayaamini maandishi. Siku mbili kabla ya Noeli tulifunga mlango, mimi na yaya, nikakata mikanda.

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mkia. Niliuvuta, ikatokea ngozi nzima ya chui, ya kitambaa laini, yenye miguu na kofia ya masikio. Chini yake kulikuwa na chura. Chini ya chura sungura, joho jekundu, taji la sponji, na kisha nyuki: shati na suruali vimeshonwa pamoja, mistari myeusi na ya manjano, na mgongoni mabawa mawili ya wavu yaliyonyooshwa kwa waya. Nikatoa nyuki mwingine, na mwingine. Tulipofika sakafuni kulikuwa na nyuki kumi na mmoja, na hakukuwa na shati hata moja. Baadaye nilielezwa kwamba ni mavazi ambayo watoto wa Wazungu huvaa siku fulani ya kucheza. Wakati ule sikuelewa ni mzazi gani anayemvalisha mwanawe awe mdudu.

Nilikaa juu ya lile lundo nikalia. Yaya aliokota nyuki mmoja, akanyoosha bawa lililopinda, akaliachia, likapinda tena. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, lakini sikuwa nimekisikia tangu aje.

"Batafurahi," alisema. "Batoto habajue kama haiko nguo."

Na kweli, kesho yake uani, walifurahi kupita kiasi. Mapacha walichukua chui. Msichana mkubwa alijifanya amekua, akazunguka turubai mara tatu, kisha akachukua joho jekundu kama mtu anayechukua kitu kwa niaba ya mwingine. Mdogo alimkumbatia nyuki kabla sijamaliza kutandika. Watoto wa majirani karibu wapigane kwa ajili ya nyuki waliobaki. Wakimbizi waliolala katika madarasa ya shule ya jirani walisikia, wakaja na watoto wao, nikagawa mpaka turubai likabaki tupu. Wengine hata sikuwajua.

Asubuhi ya Noeli tuliingia kanisani namna hiyo. Mimi nilivaa koti la vifungo vya dhahabu, vijiko masikioni na ile kofia ya matunda, kwa sababu wengi walikuwa wamenisihi niivae tena. Padiri alituona tukipita katikati na ikabidi ainamishe kichwa kwenye kitabu chake. Kwa majuma mawili watu wa mji wetu walikuwa wakiongea kwa sauti za chini, na sasa mabenchi mazima ya akina mama yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Watoto waliimba na mikia yao. Nilikuwa nikijipongeza moyoni wakati risasi ya kwanza ilipolia mlimani.

Mlio wa pili ulikuwa karibu zaidi, na watu wakamiminika nje kwa milango yote. Yaya aliwashika mapacha. Mimi nilimshika mkubwa mkono mmoja na mdogo mkono mwingine. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na mara nyingi nimesema kwamba mtoto alinyakuliwa na watu. Hakunyakuliwa. Tulipofika ngazini kofia iliniangukia machoni, nikainua mkono kuisukuma, na mkono niliouinua ulikuwa ule uliomshika mdogo. Nilipoona tena, kulikuwa na migongo tu.

Tulikimbilia ziwani pamoja na wengine tukalala kwenye mchanga. Milio ilipokoma jua lilikuwa utosini. Yaya alikuja akitutafuta na mapacha wake, akatuhesabu kwa macho. Nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliwakabidhi watoto watatu kwa jirani yetu, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, tukaanza kutafuta.

Shida ni kwamba kila mtu alikuwa amemuona. Nilikuwa nikiuliza kama wamepishana na mtoto aliyevaa manjano na nyeusi, mwenye mabawa, na watu walijibu haraka, wakifurahi kuweza kutusaidia: ndiyo, nyuki, ameelekea Kalundu. Tulienda Kalundu tukamkuta nyuki ameketi juu ya gunia anakula muhogo, mtoto wa kiume wa jirani yangu. Tukaambiwa kuna nyuki hospitali. Alikuwepo, mapajani mwa mama yake, mzima. Kuna nyuki alionekana kwenye ukuta wa shule. Kuna wawili waliopita wakishikana mikono kwenda upande wa Kavimvira. Kila mara yaya alikaza mwendo, na kila mara mtoto alipogeuza uso nilimuona yaya akisimama kidogo, kisha akiwasalimu wenye mtoto kwa heshima. Tulipata nyuki saba siku ile. Wetu hakuwemo.

Kwenye njia ya Kavimvira, kaskazini mwa mji, askari waliweka kamba barabarani. Yaya alikuwa amechoka, nikamwambia apumzike ukutani, nikaenda mimi. Nilimwambia askari kwamba natafuta mtoto. Aliniuliza amevaa nini.

"Nyuki," nilisema.

Alimtazama mwenzake, kisha mimi. "Nyuki?"

"Manjano na nyeusi. Iko na mabawa."

Macho yake yalipanda polepole kutoka kwenye vifungo vyangu mpaka kwenye vijiko, mpaka kwenye matunda. Ndipo na mimi nikajiona. Tangu asubuhi sikuwa nimekumbuka kuvua chochote. Nilianza kueleza habari za balo, na nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kabisa:

"Mama, rudia ku nyumba. Bantu bako banakutafuta."

Siku zilizofuata njia ya kaskazini haikupitika. Kila asubuhi tulienda kusimama kwenye ile kamba pamoja na wengine waliopotelewa na watu wao, na kila asubuhi tulirudishwa. Nilipeleka habari kwa padiri, kwa katekista, kwa madereva wa lori ambao lori zao hazikuwa zinakwenda popote. Nilipika vyakula ambavyo yaya hakuvila. Na kila nilipomkuta ameketi peke yake nilimwomba msamaha. Nilimwomba asubuhi, nikamwomba tukiosha vyombo, nikamwomba kwa machozi mbele ya watoto. Siku ya nne aliniambia nikae.

"Mudogo wangu," alisema, "kila siku weye unaniomba musamaha. Minye niko na kazi ya kungojea mutoto. Siwezi kukungojea na weye."

Baadaye kidogo, akichambua maharagwe bila kuniangalia, aliongeza kwamba siku ile kanisani alikuwa amefurahi, na kwamba furaha hiyo haikuwa mali yangu niiharibu. Nilichukua maharagwe nikachambua upande wangu.

Siku ya sita, kabla ya jua kuwa kali, mama mmoja mkulima wa bonde la Ruzizi alisimama mlangoni kwetu, ameelekezwa na padiri, na mtoto wetu mgongoni. Alikuwa anaongea Kirundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, lakini tulielewa. Siku ya Noeli familia moja kutoka ile shule ya wakimbizi ilikuwa imekimbia na nyuki wake, na walipofika kwenye mashamba karibu na Kiliba waligeuka nyuma wakakuta nyuki wamekuwa wawili. Mtoto mwenyewe alieleza bila wasiwasi: alimuona nyuki, akamfuata. Njiani watu wazima waliyararua mabawa na kuyatupa, kwa sababu yalionekana toka mbali. Alililia mabawa mpaka akalala. Yule mama mkulima aliwapa kibanda cha kulala. Alimvalisha mtoto blauzi yake mwenyewe, akaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Njia ilipofunguka kidogo alisema atamleta yeye, kwa kuwa ile familia iliogopa kurudi mjini.

Yaya alimpokea mtoto, akamweka chini, akamkagua nyayo, kisha vidole kimoja kimoja, kisha nyuma ya masikio, kama wanavyokagua mtoto mchanga. Hakulia. Mimi niliingia ndani mbio kutafuta kitu cha kumpa yule mama. Nilizunguka chumba. Ndani hakukuwa na kitu ila koti langu la vifungo na kofia yangu ya matunda juu ya msumari, na vijiko vyangu vya masikioni. Nilitoka mikono mitupu. Yeye tayari alikuwa amefungua kitambaa chake na kumkabidhi yaya maharagwe mabichi, akisema watoto wa mjini hawana shamba. Nilimsihi angalau anywe chai. Alisema anataka kutembea kabla jua halijapanda, akaenda.

Walikaa kwangu mpaka mvua zilipopungua. Kisha habari ilifika kwamba mume wake yaya ameonekana Makobola, akitengeneza nyavu. Waliondoka siku iliyofuata kwa miguu. Niliwasindikiza mpaka nyumba za mwisho za Kalundu nikiwa nimembeba mdogo, na hapo yaya akampokea. Tuliagana haraka kwa sababu wenzao walikuwa wanatangulia.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Makobola kwa mazishi ya ndugu wa mume wangu. Baada ya kuzika nikauliza habari za yaya. Mama mmoja alinipeleka nyuma ya kanisa, akanionyesha mahali palipokuwa na nyumba yao. Palikuwa pamepandwa muhogo, na umekua vizuri. Alisema vita viliporudi walipanda mtumbwi, wote sita, wakaenda upande wa Tanzania, na tangu hapo hana habari zao. Akanikaribisha kwake. Nilikula ugali na ndagala, nikamshukuru, nikapanda pikipiki kurudi Uvira kabla ya mvua.