Simu ya Dirishani

Nyumba yetu ya Tunduma iko karibu sana na mpaka. Simu ikilala kwenye dirisha la chumbani hushika mtandao wa Zambia, na saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima. Jambo hilo lilimkera mke wangu. Mimi nilishazoea: kila asubuhi nilitazama simu, nikaongeza saa moja kichwani, basi.

Jumapili moja nilipangiwa kusoma neno kanisani kwa mara ya kwanza, ibada ya saa moja. Nilipoamka simu ilisema saa kumi na mbili. Nikaongeza saa yangu moja, nikatoka mbio huku nafunga vifungo vya shati.

Kanisani nilimkuta mama mmoja tu, anafagia.

“Ibada bado sana, mzee,” akasema. “Au leo umekuja kunisaidia?”

Nikashika ufagio. Watu walipoanza kuingia nilifungua Biblia nijikumbushe, nikaona mistari kama sisimizi. Miwani niliiacha nyumbani.

Mke wangu aliingia kengele ya mwisho ikilia, ametulia, miwani yangu mkononi.

“Simu yako niliitengeneza jana, ifuate saa ya Tanzania tu,” akaninong'oneza.

“Si ungeniambia?”

“Nilikuambia, baba. Ulikuwa unasikiliza mpira. Utaongeza tena saa?”

Mzee wa kanisa alikuwa tayari ananiita mbele.

“Siongezi,” nikasema.

Ndipo akanipa miwani.