Alivyomuua Mama Yangu kwa Taipu

Mimi majina siyasahau, hata ya wazungu. Ila la huyu mzee sitaliandika. Likinijia tu, natema mate chini.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Binti yangu alikuwa akimtunza mzee huyo nyumbani kwake, College Park, huku ughaibuni, na shule zilipofungwa akawa anatuchukua mimi na mjukuu kutoka Germantown tukashinde naye. Ujanani mzee alitunga hadithi za mauaji, zile za bei ya chini zilizouzwa vituo vya mabasi. Chumba kizima vitabu vyake! Mwezi hauishi hajatoa kingine. Mkewe anajifungua, yeye yuko kwenye taipu. Mamaye anazikwa, yuko kwenye taipu. Na anayasimulia hayo akicheka.

Siku moja nampakulia wali, akaniuliza, mjukuu akitafsiri, jina la mama yangu. Jamani, kwetu anayekuuliza hivyo amekuheshimu. Nikalitaja kwa fahari, nikamwonyesha na mjukuu aliyelirithi.

Chai haijapoa, akampa mjukuu ukurasa aliotoka kuupiga taipu. Mtoto akausoma, akaurudia.

“Unasemaje?” nikamuuliza.

Kiswahili anakisikia, ila kujibu ni Kiingereza siku zote. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili. “Bibi, jina langu. Nimenyongwa. Bafuni, bila nguo.”

Nikaweka upawa chini. “Mwambie alitoe!”

Binti yangu alikuwa amepiga magoti, anamkata mzee kucha za miguu. “Mama, nakuomba. Hadithi tu hiyo. Utanifukuzisha kazi.”

“Hadithi? Mwanao kauawa hapo, nawe unamshika miguu!”

Mzee wala hakukasirika. Mjukuu akatafsiri: eti ndivyo yeye na watunzi wenzake walivyoweza kuandika vitabu vingi namna ile. Ukikaa kutafuta majina unachelewa. Unachukua la aliye karibu. Mkewe, dadaye, mwenye duka, wote waliuawa mle vitabuni.

Lo! Uchafu gani huo? Watu wamegeuzwa kuni.

Akachukua kalamu, akalikata jina la mama, akaandika jingine hapo hapo, bila hata kufikiri. Maiti ikabaki bafuni vilevile. Mjukuu akachungulia, akamgeukia mamaye.

“Ameweka lako, Mama.”

Binti yangu akamtazama mzee, naye keshageukia taipu yake, mguu wake ungali mapajani mwa mwanangu. Binti akautua sakafuni taratibu, kucha nusu zimekatwa, nusu bado.

“Mama,” akasema, “vaa viatu, twende.”