Aliyemshonea Lata Nguo

Katika mji wetu wa Taif, Kutaila binti Shuraiki ndiye aliyemshonea Lata nguo. Lata alikuwa jiwe jeupe la pembe nne, nasi Wathakifu, kabila la mji huo, tukimwabudu na kumwita Bibi. Kila mwaka alivuliwa vazi kuukuu akavikwa jipya. Kutaila aliwahi kuniambia kwamba hajapata mteja mwingine asiyenenepa.

Lakini imani yake haikuwa ya mzaha. Binti yake Raita, angali mchanga, alishikwa na homa hata akaacha kunyonya. Kutaila akanyoa nywele zake mbele ya jiwe, akatoa na mbuzi wake wa maziwa. Mtoto akapona. Tangu hapo, ukimuuliza kwa nini hamwombi Mwenyezi Mungu mwenyewe, ambaye sote tulijua ndiye aliyeumba mbingu, alikujibu kwamba mfalme hasumbuliwi kwa homa ya mtoto. Unapitia kwa mtu wa nyumbani mwake.

Raita akakua, akaolewa Madina, akarudi mjane na tena Mwislamu. Wakaishi nyumba moja, mama na jiwe lake, binti na sala zake, wakigombana zaidi juu ya chumvi. Kisha wazee wetu nao wakaenda Madina, wakasilimu, wakarudi na habari kwamba Lata atavunjwa. Walikuwa wameomba aachwe kwa muda kidogo, wakakataliwa.

Siku ya kuvunjwa kwake wanawake walitoka vichwa wazi, wakilia kama walio msibani, Kutaila akiwa mbele. Wanaume walisimama mbali kidogo, wakiogopa Bibi asije akashusha radi. Mvunjaji wa kwanza, aliyetumwa kutoka Madina, alipoinua sululu alipiga chafya. Watu wakashangilia, wakasema Bibi kamshika. Yule bwana akafuta pua, akaendelea. Kufikia adhuhuri palibaki rundo la mawe, na mbinguni hapakuwa na hata wingu.

Kutaila alirudi nyumbani asile kitu. Raita akaketi karibu naye. Hatimaye mama ndiye aliyeuliza.

"Wewe ulipopona homa ile, nani alikuponya?"

"Mungu, mama."

"Na mbuzi wangu?"

"Walimla walinzi wa jiwe."

"Hilo nalijua. Harufu ya mchuzi niliisikia. Nilidhani wanakula makombo ya Bibi."

Kisha akaanza kulia upya, na safari hii hakulilia jiwe. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akimfikiria huyo aliyemponyea mtoto wake, akakaa miaka yote ile bila kuambiwa ahsante, huku ahsante zikipelekwa nyumba ya jirani.

"Mwambie nimechelewa," akamwambia Raita.

"Mwambie mwenyewe, mama. Huku hakuna wa kupitia."

"Hivi hivi tu? Na mikono mitupu?"

"Hivi hivi."

Kutaila aliona huo si utaratibu, lakini akaenda kutawadha. Sura ya kwanza ya Kurani ilimchukua majira yote ya zabibu kuihifadhi, kwa kuwa kila aya alitaka kwanza kujua maana yake, kisha akabishana. Alipoishika, hakuna aliyesali kirefu kama yeye mtaani kwetu. Tukimuuliza, alisema ana shukrani nyingi za nyuma.

Asubuhi nyingi nilipita pale nikamkuta Raita amekwisha kusali, amekoroga uji wa shayiri na kuutenga, uji umeshika utando juu, na mama yake bado amesujudu.