Picha ya kifua cha mdogo wangu tuliyozibia dirisha

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Haya yalitukuta kwetu Sepuka, enzi za kuhamia vijiji vya ujamaa. Siongezi chumvi, anayetaka kubisha asome hadi mwisho kwanza.

Mdogo wangu Hamisi alivimba shingo. Tukadhani mafindofindo. Hospitali kubwa ya mkoa wa mbali wakampiga eksirei, wakasema ni saratani ya tezi, na uvimbe mwingine mkubwa uko kifuani. Wakamwanzishia sindano, hizi mnazoita chemo.

Baada ya sindano za mwanzo shingo ikanywea. Mama alishangilia wodi nzima ikajua. Mimi moyo haukutulia, maana Hamisi bado alikuwa anakohoa.

Wakampiga picha nyingine. Daktari akaitazama, akauliza, "Ile ya kwanza tuliyowapa mkae nayo iko wapi?"

Nikapekua kikapu cha mama, haimo.

"Nisipoziweka pamoja sitajua uvimbe wa kifuani umepungua au la. Kama haujapungua, dawa hii tunaiacha. Itakuwa inamchosha bure."

Vijana, hakukuwa na CT scan. Ni picha mbili na macho ya daktari, basi.

Nikamgeukia mama. Akainamisha kichwa.

"Nilizibia dirisha, mwanangu. Nyumba mpya haina kioo, na upepo wa kwetu unaujua."

Nilipanda basi kurudi kijijini. Njia nzima nawaza jua, vumbi, watoto wa majirani. Nikaikuta ipo, ina matundu ya misumari na imechubuka vibaya. Nikaing'oa taratibu, nikaifunga kwenye kanga.

Daktari akazibandika zote mbili kwenye taa. Akaweka rula kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili.

"Umepungua. Tunaendelea."

Mama alikaa chini sakafuni akalia.

Lakini sindano zilipoisha, picha ya mwisho bado ilikuwa na kivuli. Daktari akasema huenda ni kovu, huenda ugonjwa umelala, picha haiwezi kutofautisha. "Tusubiri tuone."

Wakuu, hiyo "tuone" ilitutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi kabla Hamisi hajatoka na ng'ombe, mama alimpapasa shingo. Alimpapasa hata alipokwisha kuoa, mpaka mkewe akawa ananuna.

Hamisi sasa ni babu. Siku tuliyomzika mama, Hamisi alinivuta pembeni, akauchukua mkono wangu akauweka shingoni kwake.

"Kaka, nani atanipapasa sasa?"

Nikampapasa palepale, waombolezaji wanatuangalia.

Funzo: uvimbe wa nje kunywea si kupona, na picha ya zamani itunze, daktari ataitaka.

Mliowahi kuambiwa "tuone", semeni hapa mliishije na hofu hiyo. Mimi bado sijaizoea.