Picha ya Ubongo wa Muuza Maziwa

Mwaka wangu wa pili Garissa, nililetewa mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa amepata kiharusi wiki tatu kabla. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yalimtoka kwa shida, mengine hayakutoka kabisa. Aliandamana na binti yake, mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye angenitafsiria, maana mimi ni mtu wa Nyeri na Kisomali changu kilikomea kwenye salamu.

Kazi yangu ni kuwapima wagonjwa kama yeye usemi na kumbukumbu, kisha kuwafanyisha mazoezi. Nilitoa fomu niliyofundishwa chuoni. Nikamsomea maneno matano ayashike, ili ayarudie baada ya dakika kumi: treni, theluji, kinanda, kabichi, zambarau. Binti alitafsiri alivyoweza. Kwenye theluji alikwama, akaelezea kwa mikono. Mama aliniangalia kwa makini wakati wote, lakini muda ulipofika hakusema hata neno moja. Nikaandika: kumbukumbu imeathirika vibaya.

Sikuiwazia sana sentensi ile. Binti aliisoma, akampigia simu mjomba wake aliyeishi mji wa Modogashe. Siku mbili baadaye mjomba alifika, akachukua ufunguo wa kibanda cha maziwa, akasema dada yake atahamia kwake. Mtu asiyekumbuka, alisema, hawezi kuachiwa moto wala wateja.

Walipokuja tena kwa mazoezi, mama alikaa akitazama ukuta.

"Tangu ufunguo ichukuliwe hajakula fizuri," binti akaniambia. "Lakini hooyo, mama yangu, anakumbuka. Jana nilitafuta kadi ya hosbitali nyumba nzima. Yeye ndiye alinionyesha kwa kidole bahali niliweka."

Maneno hayo hayakunipa raha. Nilimwendea daktari wa wodi. Alikuwa na picha za ubongo wa yule mama, zilizopigwa alipolazwa, na mimi sikuwa nimeomba hata kuziona. Alizifungua kwenye kompyuta, akanionyesha doa jeusi upande wa kushoto, sehemu inayounda usemi. Kisha akashuka hadi sehemu za ndani, zile zinazosaidia kuhifadhi mambo mapya.

"Hapa sioni jeraha," alisema. "Picha haiwezi kuniambia anakumbuka nini. Lakini hailingani na fomu yako. Ulimpima kumbukumbu, au ulimpima maneno?"

Nilikuwa nimemtaka mtu aliyeumia mahali pa maneno anithibitishie kwa maneno kwamba anakumbuka, tena maneno ya vitu ambavyo vingine hakuwahi kuviona maishani.

Kesho yake nilificha vitu vitano mbele yake: tasbihi chini ya mto, kitana nyuma ya pazia, sabuni ndani ya kikombe, limau kwenye mfuko wa koti langu, kijiko kwenye droo. Tukatoka nje sote watatu, tukanywa chai ya maziwa pale kantini, tukarudi baada ya nusu saa. Binti alimwuliza kwa Kisomali kitu kimoja kimoja kiko wapi. Mama alionyesha kwa mkono wa kushoto, bila kusita. Nilipofungua droo ya juu kutafuta kijiko, alitikisa kichwa na kuelekeza kidole kwenye ile ya chini. Kilikuwa pale. Mimi ndiye niliyesahau.

Nilikaa chini mbele yake. "Mama, nilikupima vibaya. Kosa ni langu, si lako."

Binti alitafsiri. Mama alihangaika na midomo kwa muda mrefu, mwishowe akasema, "Haa." Ndiyo, yaani. Kisha akalia, na binti naye akalia.

Niliandika ripoti mpya, na mjomba aliposafiri tena kuja mjini nilimweleza mwenyewe. Aliuliza maswali mengi, bila hasira. Akaomba kuona picha, akaitazama kwa muda, kisha akatoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi dada yake mkononi.

Mama alirudi sokoni, akisaidiwa na binti alasiri baada ya shule. Maneno hayakurudi yote. Mara ya kwanza nilipopita kibandani kununua maziwa, alishusha mkono hadi kimo cha mtoto mdogo, akainua nyusi. Alikuwa akiuliza hali ya binti yangu, ambaye nilimtaja mbele yake mara moja tu, tukinywa ile chai.